Mnyama wa Bahari, Kasulu

Hamza amefariki huko Tanga. Habari nilipewa kwa simu na dada yake, Mwanaidi, ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake tangu nikiwa mwanamke wa miaka ishirini, na bado niliitambua kabla hajajitaja. "Tumemzika jana baada ya adhuhuri," alisema. "Nimeona nikwambie, ingawa huna haki ya kuambiwa." Nikasema maneno yanayosemwa penye msiba. Kisha nikamuuliza kitu pekee nilichotaka kukijua: kama kaka yake aliendelea kufuga. "Mpaka mwisho," alinijibu. "Sebule nzima ilikuwa matangi ya vioo. Wajukuu walikuwa hawaruhusiwi kukimbia humo ndani, wasije wakawashtua samaki." Akavuta pumzi, na kwa ile sauti ya mtu anayemsifu marehemu mbele za watu akaongeza, "Kaka alikuwa na huruma sana." Sikubishana naye. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Kibondo, nimewapokea watoto wengi wa wilaya hii kwa mikono yangu, na katika kazi hiyo nimewaona watu wapole wakitenda ukatili na watu wakali wakilia kwa huruma. Lakini mtu aliyekuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, katika mkono uleule, nilimwona mmoja tu, na niliishi naye mwaka mmoja.

Nyumba yetu Kasulu ilikuwa mojawapo ya nyumba za maofisa: ukuta wa matofali, bati, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu ambayo niliisugua kila Ijumaa mpaka magoti yakawa na sugu. Sebuleni kulikuwa na viti vinne vya mbao vyenye mito, redio ya betri, na kwenye dirisha la mashariki, palipoingia jua la asubuhi, tangi la kioo lenye urefu wa mkeka wa kuswalia. Hamza alikuwa amelitengeneza mwenyewe, akaunga vioo kwa lami na kuyajaribu maunganisho mara nyingi kabla hajaridhika. Ndani yake kulikuwa na maji ya bahari, yaliyotoka pwani kwa treni hadi Kigoma na kupanda huku juu kwa lori, yakiwa kwenye madumu ya plastiki yaliyofungwa magunia ili mwanga usiyaharibu. Chini kulikuwa na mchanga mweupe na mwamba wa matumbawe wenye mashimo na nyufa, na humo waliishi samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na kaa mmoja aliyebeba nyumba yake mgongoni. Watu wa mjini walikuja kuangalia. Wengi wao hawakuwahi kuiona bahari, wala mimi sikuwahi, na Hamza alipenda kuwaonjesha kidogo kwa ncha ya kidole, awatazame wanavyokunja uso kwa chumvi.

Kazi ya tangi ilikuwa yangu. Umeme wa jenereta ulikuja jioni kwa saa chache, na baadhi ya siku haukuja kabisa, kwa hiyo hewa ya samaki ilitoka mkononi mwangu: nilichota maji kwa kata ya kifuu na kuyamwaga kutoka juu, nikachota tena, nikamwaga tena, asubuhi, mchana na jioni, mpaka bega likazoea. Chombo cha chuma kilikuwa marufuku, kwani chuma ni sumu kwa viumbe wa baharini. Maji yakipungua niliongeza maji ya mvua, si ya bahari, kwa sababu jua hunywa maji na kuiacha chumvi. Asubuhi za baridi nilitumbukiza chupa za maji ya moto zilizozibwa vizuri. Na mafuta yalikuwa marufuku kuliko chuma. Tone moja la mawese, alisema Hamza, lingetanda juu ya maji kama ngozi na kuwanyima pumzi. Kwa hiyo sikupika kwa mawese, ambayo wifi yangu Mwanaidi aliyaita mafuta ya kupaka bawaba za mlango, na sikujipaka mafuta mwilini wala kichwani. Wanaoijua Kasulu wakati wa kiangazi wanajua upepo wake. Midomo ilinipasuka, vifundo vya vidole vikatoa damu, miguu ikawa na michirizi myeupe kama ya mtu aliyetembea katika majivu. Mwanaidi, aliyekuwa akiishi nasi na ambaye hakugusa tangi, alijipaka mafuta ya nazi kila jioni mbele yangu, taratibu, kidole kwa kidole. "Wewe ngozi yako imezoea," aliniambia siku moja.

Mwanzoni mwa kiangazi hicho Hamza alirudi kutoka likizo Tanga akiwa na ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Alikuwa ameibeba mapajani katika treni, na katika kila kituo kikubwa alikuwa ameteremka nayo ili kuyakoroga maji yapate hewa. Abiria walimuuliza kama ni dawa. Aliingia sebuleni bila kunisalimu, akaweka ndoo sakafuni, akapiga magoti mbele yake na kufunua. Niliona kitu kama nyama iliyokunjamana, rangi ya chai ya maziwa, kimejikunja na kuwa donge. "Ni ua?" nikauliza. "Ni mnyama," alisema. "Wataalamu wanamwita anemoni. Akijisikia salama atachanua, na wale samaki watahamia ndani yake. Lakini ni lazima ajisikie salama." Nilinyoosha mkono kuichukua ndoo, nikidhani tutammimina. Alinipiga kwenye kifundo cha mkono kwa kifuniko. "Hamiminwi!" akasema. "Maji ya humu si maji aliyoyazoea. Ukimtupa ghafla atakufa."

Mchana ule wote aliutumia kumpokea. Alichota kikombe kimoja cha maji ya tangi, akakimwaga kwenye ndoo, akasubiri, akarudia. Baadaye alinituma nilete kanga tatu nene, akazitundika kwenye dirisha na kufunika tangi ili mwanga usimtishe mgeni. Alipomwingiza hatimaye, alifanya hivyo kwa viganja viwili, chini ya maji, akamlaza juu ya mchanga karibu na mwamba, na kutoa mikono polepole sana hata maji hayakutikisika. Kwa siku kadhaa tuliishi katika giza la kanga. Tulinong'ona. Mlango wa sebule ulifungwa kwa mkono badala ya kuachwa ujifunge kwa upepo. Yule mnyama alikuwa na mguu mmoja, mpana na laini, na kwa mguu huo alitambaa usiku, kidogo kidogo, asubuhi tukamkuta kwenye kioo, siku nyingine nyuma ya mwamba. Mwanaidi aliuliza kwa nini asimchukue tu na kumbandika pale penye jua, wageni wapate kumwona vizuri. Hamza alimgeukia kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Mahali atachagua mwenyewe," alisema. "Ukimlazimisha hatashika. Na akishashika, usimvute kamwe. Mguu utachanika, na mguu ukichanika ameoza huyo." Nilikuwa nimeolewa kwa miezi michache. Nilisimama pale na kata yangu mkononi nikafikiri kwamba mtu mwenye maneno kama hayo, siku moja yatanifikia na mimi.

Mnyama alichagua ufa katikati ya mwamba. Asubuhi moja nilipotoa chupa zilizopoa nilimkuta amechanua wote, vidole vyake mamia vimenyooka na kuyumba, ncha zake za zambarau, na samaki mmoja amejilaza katikati kama mtoto kwenye godoro. Sitasema uongo: nilimpenda. Nilikaa chini sakafuni nikamtazama mpaka uji ukaungua. Hamza alimlisha kwa njiti ya ufagio wa mnazi, akichomeka kipande cha samaki mbichi na kukisogeza mpaka vidole vile vikishike. Samaki huyo alikuwa mgebuka wa ziwani, aliyetoka Kigoma siku za gari. Minofu ilikuwa ya mnyama na ya Hamza. Mwanaidi alipata mkia. Mimi nilipata kichwa, na mara nyingine mchuzi. Sikuwa na njaa ya kufa, nisije nikaonekana naongeza chumvi. Lakini nimekula kwenye meza nyingi tangu wakati ule na bado najikuta nasubiri wengine wachague kwanza.

Huo ndio mwaka watu wa milimani walipoondolewa makwao na kupelekwa kwenye vijiji vipya, na Hamza alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo upande wetu. Jioni walikuja maofisa wenzake, wakakaa kwenye viti vinne, nami nikapeleka chai na kurudi jikoni, mlango ukiwa wazi. Hivyo ndivyo nilivyoyajua mambo, kwa vipande, kati ya kikombe na kikombe. Kilima fulani kimemalizika. Kilima fulani wamejificha migombani, wametolewa. Mmoja alisema kuna bibi aliyekumbatia nguzo ya nyumba yake mpaka wakaing'oa nguzo pamoja naye, na wote wakacheka, hata mimi nilicheka kidogo jikoni, kwa sababu alilisimulia jambo hilo vizuri na kwa sababu sikuwa bado nimeelewa kwamba lilikuwa limetokea kweli. Mwingine akauliza kwa nini wasisubiri watu wavune. Sauti ya Hamza ikajibu, tulivu kama siku zote. "Ukiwapa muda watauomba tena. Wapakie. Watazoea." Baada ya hapo nikamsikia akisogeza kiti chake kuelekea dirishani, akawaita waje waone jinsi samaki wanavyolala ndani ya mnyama bila kudhurika na sumu yake.

Baba yangu alikuja mwezi wa nane. Watu walimwita Mzee Bukuru. Nyumba yake ilikuwa kilimani, upande wa Nyakitonto, na alitembea kwa miguu, viatu mkononi, akavivaa mlangoni kwetu. Alikaa ukingoni mwa kiti. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye tangi, kisha kwenye mikono yangu nilipompa maji. Akaishika, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mipasuko. "Mwanangu," akaniuliza kwa Kiha chetu, kwa sauti ya chini, "nyumba hii haina mafuta?" Nikamwambia ni baridi tu, baba. Hamza aliingia, akamkaribisha vizuri. Alikuwa na adabu za pwani, na mtu aliyeonyesha kuvutiwa na tangi alipewa heshima yake. Baba aliuliza yule ni kitu gani. Hamza akafurahi, akavuta kiti, akamweleza yote: safari ya treni, vikombe vya maji, giza la kanga, jinsi mnyama alivyotangatanga mpaka akapata ufa wake, na kwamba tangu aliposhika hakuna mkono utakaomgusa, kwa sababu mguu ukichanika ameoza. Baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akichagua neno moja moja:

"Bwana mkubwa. Nimekuja kuomba. Maharage ya bondeni hayajakomaa. Kahawa iko kwenye miti. Tupe muda tuvune, tutakuja wenyewe, kwa miguu yetu, bila lori."

Hakumwita mkwe, wala mwanangu. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaiona mishipa ya shingo yake.

"Mzee," Hamza alisema, na alitabasamu, maana hakuona ubaya wowote katika alichotaka kusema, "yule ni mnyama, hana akili. Ninyi ni watu. Mna akili na mna miguu. Mtu anaweza kuishi popote."

"Ndiyo, bwana mkubwa," alisema baba.

Nilikuwa nimepika wali na mgebuka, na siku hiyo niliweka mnofu kwenye sahani ya baba bila kumuuliza mtu. Hakuugusa. Alisema tumbo linamsumbua, akaaga, akavua viatu getini. Hamza alipoona sahani imerudi imejaa alikata kipande cha mnofu ule na kukichomeka kwenye njiti. Ndipo nilipomwomba. Nilipiga magoti pale kwenye sakafu niliyokuwa nimeisugua, nikamshika mguu, nikamwambia ni baba yangu, ni mwezi mmoja tu, neno lako moja linatosha. Mkono wake ulikuwa ndani ya maji hadi kwenye kiwiko. "Zuhura," aliniambia bila kunitazama, "usinitikise mkono. Anakula."

Malori yalikwenda kilimani kwetu mwezi uliofuata. Sikuwapo; niliyoyajua niliambiwa baadaye, na sikuambiwa yote. Waliruhusiwa kubeba walichoweza kubeba. Baba alibeba mlango, kwa kuwa aliuchonga mwenyewe, na dereva akaushusha kwa kusema unachukua nafasi ya watu. Nyumba zilichomwa ili wasirudi. Waliteremshwa mahali palipokuwa pamepimwa kwa kamba na vigingi, uwanda mtupu, majani yamefyekwa, na kila familia ikaonyeshwa kigingi chake. Baada ya siku chache baba alitembea kurudi kwenye bonde lake kwa ajili ya maharage. Alikamatwa akiwa na kikapu, akarudishwa, na kikapu kikamwagwa barabarani ili iwe funzo kwa wengine. Mvua za kwanza zilimkuta yeye na mama chini ya paa la majani ya migomba lisilokamilika. Alianza kukohoa. Kulikuwa na zahanati, lakini ilikuwa mbali, na ruhusa ya kutoka ilitakiwa kuombwa. Hamza ndiye aliyeniletea habari, mchana, akiwa anakunja mikono ya shati ili akague tangi. "Baba yako amefariki," alisema. "Kichomi. Wamekwisha kumzika." Nikauliza lini. Akasema siku nne zilizopita, hakuona haja ya kunisumbua kabla ya wageni wa Jumamosi. Akaongeza kwamba maji yamepungua chini ya mstari, niongeze. Nami, Mungu ni shahidi, niliongeza. Nilikuwa na kata mkononi, mkono ukafanya kazi uliyoizoea, na machozi yakaniingia mdomoni yakiwa na chumvi ileile ya maji yale.

Watu huniuliza, wakisikia kisa hiki, kwa nini sikumwua yule mnyama. Binti yangu wa kwanza, niliyemzaa miaka ya baadaye, aliniuliza akiwa mdogo, kwa hasira: kijiko kimoja cha mawese tu, mama! Nilikifikiria, naam. Lakini kila asubuhi nilipoondoa chupa zilizopoa alikuwa pale amechanua, hajui lolote, hajamfukuza mtu popote, na ndiye pekee katika nyumba ile aliyegeuka kunielekea nilipofika. Sikuweza. Nilimtunza vizuri zaidi kuliko awali, na siwezi kueleza kwa nini isipokuwa kwamba nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu cha kutunza.

Kisha amri ikaja ya Hamza mwenyewe. Ilikuwa baada ya sikukuu, mvua zikiwa kubwa. Mtu alitumwa kutoka ofisini kwake mchana kumwambia kwamba amehamishwa kwenda Kibondo, anatakiwa kuwa kazini mara moja, na lori litakuja asubuhi. Hakukuwa na maelezo. Wakubwa wake hawakuwa na desturi ya kumweleza mtu. Alitoka kuomba wiki moja. Alirudi amekataliwa, akavua kofia, akakaa mbele ya tangi. Samaki na kaa walikuwa rahisi kubeba. Lakini mnyama alikuwa ameingiza mguu wake ndani kabisa ya ufa, na mwamba wenyewe haukuweza kuingia katika ndoo wala pipa lolote tulilokuwa nalo. Jioni ile na alfajiri ile tulifanya kazi pamoja, yeye na mimi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Njia ni moja: unapitisha ukucha pembezoni mwa mguu, kwa upole, anainua kidogo, unasubiri atulie, unarudia. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vyake, ndivyo vilivyofika ndani. Kulipopambazuka nilikuwa nimefungua robo ya mguu.

Lori lilikuja. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye koti la mvua, akapiga honi, akapiga tena, kisha akaingia sebuleni na viatu vyake vya matope. Vitu vingine vyote vilikuwa vimekwisha kupakiwa. "Bwana mkubwa, twende. Mto utajaa, na mimi nimeambiwa nifike Kibondo kabla ya giza."

"Anahitaji muda," Hamza alisema.

"Nani?"

Hamza akaonyesha. Dereva aliinama akachungulia ndani ya kioo kwa muda, akifuta maji usoni. "Huyo?" akauliza. "Bwana mkubwa, mimi kilima kizima nimekihamisha kabla ya chakula cha mchana. Watu, mbuzi, wagonjwa, na mzee mmoja aliyetaka kupanda na mlango." Hakusema kwa dharau. Alikuwa anataja kazi yake. Nilimtazama uso, kwa sababu nilijua sasa ni nani aliyeushusha mlango wa baba yangu, na yeye akanitabasamia kama watu wanavyomtabasamia mke wa mkubwa.

Honi ikapigwa tena na utingo wake huko nje. Hamza aliingiza mikono yote miwili ndani ya maji, akaniambia nitoe yangu, na akavuta. Mnyama alijikunja akawa donge gumu, kama alivyokuwa siku ya kwanza. Alivuta tena. Kulikuwa na sauti ndogo sana ambayo haikusikika bali niliiona, maji yakatoa wingu la kahawia, naye akabaki na donge kiganjani. Ndani ya ufa kulibaki kipande cha mguu, cheupe, kimeshika vilevile.

Kibondo tulipewa nyumba yenye paa lililovuja chumba cha nyuma. Kabla ya vitanda Hamza alisimamisha tangi. Alifanya yote kwa utaratibu uleule: vikombe, kusubiri, kanga dirishani. Alinong'ona. Lakini mnyama hakutembea wala hakuchanua. Alilala ubavu kwenye mchanga, tumbo likamtoka mdomoni, akaanza kuyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa majini, na harufu yake ikajaa mpaka kwenye mito ya viti. Maji yakawa maziwa. Samaki walikufa siku moja, wote wawili. Siku hiyo Hamza aliegemeza paji la uso kwenye kioo na kulia kwa sauti, na Mwanaidi akamshika mgongo akimwambia pole kaka, pole, ni mapenzi ya Mungu. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni na ndoo ya kupokea maji ya paa.

"Wewe huna hata chozi?" akaniuliza. "Una moyo gani?"

"Baba yangu alipokufa, wifi, ni nani alilia humu ndani?"

"Baba yako alikuwa mzee," alisema Mwanaidi, kwa mshangao wa kweli.

Hamza hakugeuka. Niliweka ndoo chini, nikaenda chumbani nikafunga nguo zangu katika kitenge, nikapita tena sebuleni. Akasema, bado akiwa ameegemea kioo, kwamba nikitoka nisirudi, nimeachika. Nilisubiri kidogo nione kama ana la kuongeza. Aliniambia nifunge mlango taratibu. Nikaufunga taratibu, mwaka mzima wa mazoea hauishi kwa siku moja.

Nilipata lifti kwenye gari la mahindi mpaka Kasulu na kutoka hapo nikatembea. Kijiji kipya nilikuwa sijakiona. Nyumba zilikuwa katika mistari, nusu zimejengwa, matope kila mahali, na wanawake waliokuwa kisimani waliponyamaza nilidhani ni kwa sababu hawanifahamu. Walinifahamu. Walinionyesha kigingi cha mama kwa kidevu. Mama alikuwa anakanda udongo wa ukuta kwa miguu. Alinitazama kuanzia kwenye kitenge hadi kwenye viatu, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kumwamkia "Mwakeye, mama," kama tulivyoamkiana maisha yangu yote, aliponitangulia.

"Karibu, bibi," alisema kwa Kiswahili. "Kaa."

Mama alikuwa na Kiswahili kidogo sana. Alikitumia kliniki, sokoni, na kwa watu wa serikali. Sikuwahi kumsikia akikitumia nyumbani. Nikamjibu kwa Kiha, nikamweleza yote nikilia: kwamba niliomba, kwamba nilipiga magoti, kwamba sikuambiwa, kwamba nimeachika. Alisikiliza mpaka nilipomaliza. "Pole, bibi," akasema. "Chakula tayari. Kula." Akaniletea maji ya kunawa na kuinama kidogo aliponimiminia. Nilikaa naye mvua zote zilizobaki. Nilikanda udongo, nikabeba nguzo, nikaezeka pamoja naye, nikalima shamba jipya ambalo udongo wake haukutaka maharage. Alinionyesha kaburi la baba, pembeni ya mahali palipotengwa kwa shule, akasimama mbali wakati naswali. Hakunikaripia hata mara moja. Alinipa kitanda yeye akalala kwenye mkeka, na nilipokataa aliniambia, "Hapana, bibi. Mgeni." Jirani akiingia walizungumza Kiha, hata wakacheka; mimi nikiingia katika maneno hayo, mama alinyamaza, akayatafuta maneno yake machache ya Kiswahili, na kuniuliza kama nahitaji kitu.

Mwaka ule uliisha hivyo. Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi, huko huko Kibondo kwenye hospitali, mama alinisindikiza barabarani. Hakukubali nibebe mzigo wangu. Aliubeba kichwani mwake mpaka gari liliposimama, akanipandishia. Nilimshika mkono kupitia dirishani nikamwambia, kwa lugha yetu, kwamba mimi ni mwanawe, sina bwana, sina mkubwa, sina mtu mwingine.

"Sawa, bibi," alisema mama. "Safari njema."

Akautoa mkono wake katika mkono wangu, akarudi nyuma hatua moja, na kusimama kando ya barabara, kichwa chini na mikono imeshikana mbele, jinsi watu wa kijiji walivyofundishwa kusimama gari la afisa linapopita.